Usisaini huo mkataba kabla hujamwona akikata kitambaa

Mkuu, usisaini. Nimesoma uzi wako wote, una vyerehani 12 Morogoro, unataka kushona sare za shule, dalali wa ajira kakuletea meneja wa uzalishaji mwenye CV ya kurasa 6 na wiki ijayo mnasainishana, halafu unatuuliza mashine za mtumba au mpya na mishahara iweje. Mashine weka pembeni kwanza. Huyo mtu umewahi kumuona kashika mkasi?

Maana meneja wa kwangu mimi nilimsainisha ofisini, feni inazunguka, tunakunywa soda. Ana stashahada, ana vyeti vya kozi fupi fupi, ana barua ya sifa kutoka kiwanda kikubwa, barua tamu mpaka nikajiuliza sasa hawa walimwachiaje mtu kama huyu. Jibu nikajipa mwenyewe, kwamba labda kule wazuri wamejaa. Haya chekeni, mimi nilishacheka zamani. Kumbe barua nyingi za namna ile wanaandikiwa watu ambao bosi anataka waondoke bila kelele. Na namba ya mdhamini niliipiga, msinione mjinga kiasi hicho, sauti nzito ikamsifu weee mpaka vocha ikaisha. Alikuwa shemeji yake.

Miezi ya mwanzo hatukuwa na oda ya maana kwa hiyo kazi yake ilikuwa majedwali ya Excel, yana rangi, yana asilimia, nikawa nayarusha kwenye grupu la wafanyabiashara wenzangu. Ikaja oda ya sketi za sekondari, sketi ya vipande vinne, shule zinafunguliwa Januari na kitambaa nimekopa Kariakoo. Jamaa akachora pateni, yaani vielelezo vya kukatia kitambaa, kwenye kompyuta, zikatoka safi. Wakatandaza kitambaa cha tetroni mezani tabaka juu ya tabaka, mashine ya kukatia ya umeme ikapita, mimi nipo pembeni napiga picha za kuweka status. Mama mmoja wa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, akaokota kipande, akakipima kwa vidole, akaniuliza, "Bosi, hapa mshono unakaa wapi?" Nikamwambia mama, waachie wataalamu.

Sasa elewa alichokifanya. Pateni zake zilikuwa na vipimo vya sketi iliyokwisha kushonwa, nafasi ya mshono hakuweka, upindo wa chini hakuweka. Mshono unakula sentimita moja na nusu kila upande, vipande vinne vina mishono minne, hapo umeshapoteza sentimita 12. Kiuno cha inchi 28 kinabaki 23 na kidogo. Binti wa kidato cha nne anapewa sketi ya mdogo wake wa darasa la tano! Na ukisema ufumue uongeze, unaongeza nini wakati ndani hamna kitambaa kilichobaki? Mshonaji akikosea anaharibu sketi moja na unaifumua jioni hiyo hiyo, ila mkataji akikosea kaharibu matabaka yote kwa mkupuo mmoja, na kitambaa kikishakatwa ndiyo kimekatwa.

Nikarudi Kariakoo kununua majora mengine, bluu yake ikawa mbali kidogo na ile ya kwanza kwa sababu mzigo ni mwingine. Kwa macho yangu zilifanana, mwalimu mkuu akaziweka juani akasema hapana. Oda ikaenda kwa mtu mwingine, mimi nikabaki na deni la kitambaa na lundo la sketi za watoto wembamba.

Halafu hasira. Nilimfukuza kwa voice note ya WhatsApp usiku, kesho usije. Akaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na alikuwa na haki zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 35 inasema mtu ambaye hajafikisha miezi sita hadai kuachishwa isivyo halali, wangu alishaivuka kwa raha zake akiwa kwenye Excel. Onyo la maandishi hakuna, kikao cha kumwita ajieleze hakuna, mimi nina voice note. Wakati huo fidia ilikuwa inaanzia mishahara ya miezi 12, mwanasheria akaniambia kubali usuluhishi haraka kabla haijafika kwenye uamuzi. Nikakubali. Sketi zilikuwa hasara, ila hapa ndipo nilipouza gari.

Na yule dalali! Alichukua mshahara wa mwezi mzima kama kamisheni, siku nampigia kulalamika akaniambia anaweza kuniletea mwingine kwa punguzo. Kwa punguzo! Halafu ndiye huyo huyo nilikuja kumkuta kwenye semina ya waajiri ameshika maiki anasema nchi hii haina watu wenye ujuzi, na mabosi wote wanatikisa vichwa. Sikatai, wakataji wazuri ni wachache kweli na kiwanda kikubwa kikiwapata hakiwaachii. Lakini nusu ya sisi tunaolia kwenye hizo semina hatujawahi kumwambia mtu hebu fanya nione. Tunalipa SDL asilimia 3.5 ya mishahara (ukifika wafanyakazi 10 na wewe unaingia, jiandae), hela ya kuendeleza ujuzi hiyo, na ndani ya karakana zetu hatumfundishi hata mtoto wa jirani.

Kwa hiyo akate kwanza. Kabla ya karatasi yoyote ya ajira mwite siku mbili tatu, mlipe hizo siku na muandikishane kabisa kuwa ni za majaribio, mpe kitambaa chako na futi, mwambie toa sketi mbili na shati moja kuanzia kupima mpaka pasi. Kaa umuangalie. Muangalie anavyobadilisha sindano, aliyeizoea anaibadilisha huku anaongea na wewe. Halafu waulize kina mama wa vyerehani, usimuulize dalali. Akifaulu ndiyo uje na mkataba wenye kipindi cha matazamio, na matazamio yaishe kabla ya miezi sita, na hizo wiki za mwanzo awe mezani anakata, Excel baadaye.

Anayenikatia sasa hivi ni yule yule mama wa ovaloki. Ufundi kajifunzia barazani kwa fundi mmoja huko Kihonda, cheti hakuwa nacho, tukampeleka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia mtaani, wakampima, akapata. Ananidharau kidogo mpaka leo na sina la kumfanya.

Mishahara naona uliuliza pia. Washonaji lipa kwa kipande, mkataji lipa kwa mwezi, ukimlipa mkataji kwa kipande atakimbiza kazi. Mengine watakujibu wenzangu. Wewe sasa hivi mpigie huyo meneja wako, mwambie Jumatatu saa mbili asubuhi aje na mkasi wake. Akianza kukuambia yeye ni mtu wa usimamizi, rudi hapa utuambie.