Kukosoa picha ya ndege kunaanza kwa kumjua ndege

Picha ya ndege ikitumwa kwenye simu zetu, majibu ya kwanza karibu kila mara ni yale yale: alama za moto, makofi, "kali sana kaka". Aliyeituma anafurahi, na furaha hiyo sina ugomvi nayo. Lakini wiki ijayo akirudi ziwani atasimama palepale, mwanga uleule wa saa sita mchana, na atarudi na picha ileile. Katika miaka ambayo nimekuwa nikipiga picha za ndege kuzunguka Arusha na kukaa na wenzangu kuzipitia, nimeona kwamba wengi wana nia njema kabisa ya kusaidiana. Wanachokosa ni namna ya kusema, na zaidi ya hapo wanakosa kumfahamu ndege mwenyewe. Mtu asiyemjua ndege atakosoa rangi na fremu tu, na mara nyingi atakosea.

Chukua mdiria, yule mweusi kwa mweupe anayeelea hewani juu ya maji kabla ya kuchupa. Mabawa yake hupiga kwa kasi mno, ila kichwa hukaa palepale, kimetulia, kwa sababu macho yamemkazia samaki. Anayelijua hilo akiletewa picha yenye ukungu hahitaji kubahatisha. Kichwa kikiwa wazi na ncha za mabawa zina ukungu, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufungua kupokea mwanga, ilikuwa ndogo kwa mabawa yale: apande hadi 1/2500 ya sekunde au zaidi, au aache hivyo kama anaupenda mwendo. Kichwa kikiwa na ukungu huku matete ya nyuma yako wazi, fokasi ilimpita ndege ikashika majani. Na kila kitu kikiwa na ukungu unaovutwa upande mmoja, ni mkono uliotikisika. Hayo ni magonjwa matatu tofauti yenye dawa tatu tofauti. Ukimwambia mwenzako "haiko wazi" halafu ukanyamaza, umemwachia kazi yote.

Ushauri mbaya unaweza pia kuwa ghali. Mwenzangu mmoja alikuwa na picha za heroe, hawa flamingo wetu, kutoka Ziwa Manyara. Zote zilikuwa laini, hakuna unyoya unaohesabika. Watu wawili walimshauri abadilishe lenzi, na akaanza kutafuta fedha. Nilipoziangalia kwenye kompyuta niliona miguu ya ndege imepinda-pinda, na mstari wa ufukwe wa mbali unacheza. Ilikuwa hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye tope la magadi mchana. Hakuna lenzi duniani inayoshinda hewa ile. Lenzi ndefu zaidi huukuza mtikisiko pamoja na ndege. Nilimshauri afike lango linapofunguliwa, kabla ardhi haijapata moto, na asubiri ndege wanaokula karibu badala ya kuvuta walio mbali. Alirudi na lenzi yake ileile, na safari hii ungeweza kuona mpaka wekundu mweusi wa mdomo wa heroe mdogo, ule unaomtofautisha na heroe mkubwa mwenye mdomo wa waridi na ncha nyeusi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa anayetaka kukosoa: usihukumu uwazi wa picha kwenye simu, hasa iliyopitia WhatsApp. Ikishabanwa, maelezo madogo ya manyoya yamekwishapotea, na unaweza kumlaumu mtu kwa kosa la njia iliyoileta. Kama huna faili lenyewe, zungumzia mambo ambayo picha ndogo bado inayaonyesha: mwanga unatoka wapi, jicho lina nuru, nyuma ya kichwa kuna tawi linalosumbua, upigaji ulikuwa wa kutoka juu au usawa wa jicho la ndege. Hili la usawa nalisisitiza kuliko yote kwa wanaoanza. Bata aliyepigwa kutoka kwenye dirisha la gari na bata yuleyule aliyepigwa na mtu aliyelala kifudifudi ufukweni, pale panaporuhusiwa kushuka, ni picha mbili zisizofanana hata kidogo.

Ombi la pili: uliza kabla hujasema. "Ulitaka nione nini hapa?" Swali hili limeniokoa mara nyingi. Mtu akijibu kwamba alitaka picha ya kumtambulisha ndege, nitaangalia kama alama zake zinaonekana. Kwa mdiria yule, kwa mfano, dume lina mikanda miwili myeusi kifuani na jike lina mmoja, kwa hiyo kifua kilichofichwa na tawi ni hasara kubwa. Akijibu kwamba alitaka upweke wa ndege mdogo kwenye ziwa kubwa, siwezi kumwambia asogee karibu. Nikimwambia hivyo, nitakuwa nimempa picha yangu na kumnyang'anya yake. Na pale ninapozungumza kwa kupenda kwangu tu, kama vile kutoipenda zambarau, nalisema wazi kwamba ni kupenda kwangu.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo miongozo mingi ya kigeni hailigusi. Kijana hawezi kumwambia mzee mbele za watu kwamba maji ya ziwa kwenye picha yake yameinama. Nami sitaki aweze. Adabu ile ina thamani. Lakini mzee naye anahitaji kujua. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kumfuata pembeni, kumwamkia, na kuuliza kwa nia ya kujifunza: "Mwalimu, hapa ulilenga jicho au bega?" Mzee ataisogeza picha karibu, ataona mwenyewe kwamba fokasi iko begani, na mara nyingi atasema kabla yako. Na wewe uliye mkubwa, ukiwa na wadogo zako, waombe maoni wewe kwanza, juu ya picha yako yenye kasoro unayoijua. Wakishaona umekubali bila kununa, ndipo watakapoamini kwamba mlango uko wazi.

Kupokea kunataka nidhamu yake. Maelezo ya jinsi ulivyoteseka hayamo kwenye picha. Mbu, jua, dereva aliyekuwa na haraka, yote ni kweli na yote hayaonekani. Acha mwenzako amalize, andika alichosema, kisha uliza mahali hasa: "ni manyoya yapi, ya bawa la kulia au la kushoto?" Maoni ya mtu mmoja yanaweza kuwa mapendeleo. Watu wawili wasiosikizana wakigusa kona ileile ya picha, iangalie kona hiyo kesho asubuhi ukiwa umetulia. Na unapoomba maoni, omba kitu. "Naombeni maoni" huleta makofi. "Nimeshindwa kuamua kama tawi hili la kushoto libaki" huleta jibu.

Sasa niingie kwenye picha za kuunganisha, ambako urafiki mwingi hupata mtihani. Nazungumzia picha ambayo ndege ametoka faili moja, anga faili jingine, mlima la tatu. Ni sanaa halali na ninaipenda. Sharti langu ni moja: mwenye picha aseme kabla hajaombwa. Picha za ndege zina kazi nje ya urembo. Watu huziweka eBird, tovuti ya kuandikisha ndege walioonekana, kama ushahidi kwamba ndege fulani alionekana mahali fulani siku fulani, na picha ya kuunganisha iliyotembea bila maelezo yake inaweza kumweka ndege asikofika. Ulimwengu wa picha umeshaumia kwa mambo haya. National Geographic ilipotoa jalada lake la Februari 1982, piramidi za Giza zilikuwa zimesogezwa kwa kompyuta ili ziingie kwenye umbo la wima, na gazeti hilo lililaumiwa kwa miaka. Shindano la Wildlife Photographer of the Year la London lilimvua mshindi wake mkuu wa 2009 ushindi huo Januari 2010, baada ya majaji kuona kwamba mbwa mwitu wa Ulaya aliyekuwa akiruka lango huenda sana alikuwa mnyama aliyefunzwa. Hiyo haikuwa hata picha ya kuunganisha. Kilichoumiza ni watazamaji kudhani wanaona kitu kingine.

Lakini mtu akishasema ameunganisha, neno "feki" liondoke mdomoni mwako. Ni tuhuma, na aliyetuhumiwa hujitetea, hajifunzi. Zungumza naye juu ya mwanga. Dada mmoja mwenye kipaji kikubwa alinionyesha heroe wa maziwa ya Momella, karibu na Arusha, nyuma yao Kilimanjaro, na nyuma ya Kilimanjaro jua jekundu linazama. Kazi ya kukata manyoya ilikuwa safi ajabu. Nilimwambia hivyo kwanza, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha nikamuuliza: ukisimama Momella, Kilimanjaro iko upande gani? Akacheka kwa kushtuka. Iko mashariki. Jua huchomoza upande ule. Jioni linakuwa mgongoni mwako na kuupaka mlima rangi kutoka mbele. Tulikaa tukaipanga upya: ama abadilishe kuwa macheo, na hapo heroe wake wawe giza kwa mbele na mstari wa mwanga kingoni mwa manyoya, ama abaki na machweo na aondoe jua, mlima uwake wenyewe. Alichagua macheo, na akaenda kupiga heroe wengine wenye mwanga wa nyuma, kwa sababu wale wa mwanzo walikuwa wa mchana.

Mwezi ndio unaoharibu picha nyingi zaidi. Angani upana wake ni kama nusu digrii tu. Kwa lenzi ya milimita 500 kwenye sensa (sehemu ya kamera inayopokea picha) ya milimita 36 kwa 24, unapata duara la milimita nne na nusu hivi, chini ya moja ya tano ya kimo cha fremu. Ukimwona furukombe, yule tai mla samaki, mwenye mabawa ya mita mbili hivi, akipita mbele ya mwezi unaomzidi upana mara tatu, piga hesabu: angekuwa karibu mita 700 kutoka kwa mpigaji, na kwa umbali huo hakuna anayehesabu manyoya ya mkia. Mwezi mpevu nao huchomoza jua linapozama, upande wa pili wa anga, hivyo hauwezi kukaa ndani ya wekundu uleule wa machweo. Na mwezi mchanga! Yeyote aliyewahi kutoka nje kutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani anajua kwamba kwetu, karibu na ikweta, hulala chali kama dau. Ukiuona umesimama wima juu ya Ziwa Naivasha, umekatwa kutoka picha ya nchi za mbali kaskazini. Mtazamaji wa huku anaweza asijue la kusema, lakini jicho lake linakataa.

Kivuli cha majini, yaani taswira ya ndege juu ya maji, ni mtego mwingine. Wengi humgeuza ndege kichwa chini na kumbandika. Maji hayafanyi hivyo. Maji humwona ndege kutoka chini, kwa hiyo koikoi aliyepigwa kutoka ukingo wa juu anaonyesha mgongo wake, na kivuli chake kinapaswa kuonyesha zaidi tumbo na upande wa chini wa bawa. Angalia na upepo: ndege wengi hutua wakiuelekea, hivyo mafunjo yakiinama kulia huku bata anatua akielekea kulia, kuna kitu hakikai sawa. Angalia hata kalenda. Mla nyuki wa Ulaya yuko kwetu takriban Oktoba hadi Aprili; ukimweka juu ya nyumbu wanaovuka Mto Mara mwezi Julai, anayewajua ndege ataacha kuitazama picha na kuanza kuitilia shaka. Mwambie mwenzako mambo haya kama habari njema, kwa sababu ndivyo yalivyo: kila moja linarekebishika mezani, bila kurudi porini.

Kuna mahali ambapo sibembelezi. Picha iliyopigwa kwa kukata majani yaliyoficha kiota haihitaji maoni ya fremu. Majani yale ni kivuli cha makinda na kinga yao dhidi ya kunguru, na mzazi aliyefukuzwa na watu wenye kamera anaweza kuchelewa kurudi mpaka makinda yaungue na jua. Hapo namwita mhusika faragha na kumwambia wazi, awe mdogo au mkubwa, na simsifii picha hiyo hata ikiwa nzuri. Kurushia furukombe samaki kutoka kwenye boti, kama inavyofanyika Naivasha, ni suala jepesi zaidi kwangu. Naomba tu liandikwe chini ya picha, ili anayejilaumu kwa kukosa tukio lile ajue lilivyopatikana.

Kwa wenzangu wanaoniletea kazi zao: njooni na faili lenyewe, saa mliyopiga na upande mliokuwa mmeelekea. Aliyeunganisha alete vipande vyote kabla ya kuunganishwa, hata vile alivyovitupa. Mara kadhaa nimekuta anga bora zaidi kwenye vilivyotupwa.