Trekta dogo kwenye ardhi ya maji: majibu kwa wasomaji

*Fundi, asalaam aleikum. Nina trekta dogo lenye kijiko cha nyuma. Nataka kuchimba mtaro wa kutoa maji bondeni kwetu. Nianze sasa au nisubiri mvua ziishe? (Msomaji, Wete)*

Waaleikum salaam. Ukiweza, subiri kipupwe, masika yakishapita. Kama maji yanakuharibia mpunga na subira haipo, anzia chini, kule maji yatakakomwagikia. Wengi huanzia juu kwa kuwa ndiko kwenye njia ya kufikia, na wanachopata ni dimbwi refu. Ukianzia chini, kila kijiko unachotoa kinayafungulia maji njia, na trekta linasogea juu likikanyaga ardhi isiyochimbwa. Udongo umwage mbali na ukingo, usije ukarudi mtaroni na ukingo wenyewe.

Chini ya ile miguu miwili ya pembeni inayoliegemeza trekta likichimba, weka mbao pana na nene. Kila baada ya vijiko vichache tupa jicho: ukiona tope linapanda kuzunguka bamba la mguu mmoja, simamisha kazi hapo hapo, uhame.

*Gurudumu likizama linazunguka bure. Nikanyage mafuta? (Msomaji, Ole)*

Hasha. Unajichimbia mwenyewe. Weka gia huru, kita kijiko ardhini nyuma yako, kisha nyoosha mkono wake taratibu. Trekta litajisukuma mbele. Likigoma, livutwe kwa mnyororo uliofungwa kwenye ndoano ya chini. Na siku trekta lako ndilo linalovuta mwenzake, usifunge mnyororo juu ya ekseli ya nyuma: pua itanyanyuka na litampindukia dereva kinyumenyume. Ni jambo la nukta chache tu, na linaua.

*Kwetu Makunduchi ni maweni. Litafaa? (Msomaji)*

Kwa jiwe la matumbawe, hapana. Kodi mashine yenye nyundo.

*Mwanangu huingia mtaroni kukata mizizi. Kina kinamfika kifuani. (Mama, Mkoani)*

Mama, naomba asiingie tena. Mita moja ya ujazo ya udongo mbichi huzidi tani moja na nusu, na ukuta wa mtaro wa tope hauvunjiki kwa kupiga hodi. Mtu akifukiwa hadi kifuani tu, pumzi haipandi. Dereva alaze kuta za mtaro ziwe na mteremko, na mizizi aing'oe kwa meno ya kijiko, kijana akiwa juu, mbali na ukingo.