Mnaanzisha doria kijijini? Anzeni na daftari

Nimekaa kwenye ulinzi shirikishi miaka sita sasa, na wanaoanza kikundi huwa nawaambia jambo moja, msianze na fimbo, anzeni na daftari. Najua mtu aliyeibiwa ng'ombe hataki kusikia habari za daftari, kituo cha polisi kiko mbali, ukipiga simu unaambiwa gari halipo, sasa mfanyeje? Mnajilinda, sawa kabisa. Ila mnajilindaje, hapo ndo penye kazi.

Mwaka wetu wa kwanza tulimkamata kijana saa nane usiku anakimbia, jasho linamtoka, tukamuuliza anaenda wapi akawa anababaika. Tukampiga. Na mimi nilimpiga. Baada ya muda akaja mama yake na tochi, analia, kumbe dogo katumwa kumwita mkunga, dada yake ameshikwa na uchungu, na kubabaika kwenyewe ni kigugumizi anacho tangu utotoni. Mpaka leo akiniona anabadilisha njia, na nyumba ile haijawahi kutupa taarifa tena, hata ya kitu walichokiona kwa macho yao.

Basi tukabadilika. Watu watatu watatu, haendi mtu peke yake, na zamu zinabandikwa mapema, hakuna cha mwenye uwezo kutoa udhuru kila wiki, wakibaki wanyonge walewale kikundi kinakufa. Ukimkuta mtu unamsalimia kwanza, unajitambulisha, ndo unauliza. Mkimkamata na mali andikeni saa, mahali, kakutwa na nini, nani kaona, halafu mpelekeni polisi hapohapo pamoja na hiyo mali, isilale kwa mtu. Kesi nyingi zinafia hapa, mtuhumiwa kavimba uso, kielelezo, yaani ile mali aliyokutwa nayo, hakijulikani kiko wapi, mashahidi wanapingana, hakimu naye afanyeje?

Halafu dhamana. Mtu akionekana mtaani siku mbili baadae watu wanasema polisi wamekula hela, wanataka wammalize wenyewe. Dhamana sio kuachiwa huru jamani, kesi bado ipo. Sisi tunamuomba afande aje mkutanoni aeleze mwenyewe, akisema yeye wanaelewa kuliko tukisema sisi.

Na ubakaji, naomba sana, msiumalize kwa wazee kwa faini. Aliyefanyiwa apelekwe hospitali haraka kabla hajaoga, nguo zake msizifue, ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi sio wa plastiki, kwenye plastiki unyevu unaharibu ushahidi.

Majina ya watoa taarifa msiyaandike kwenye daftari la zamu, lile kila mtu analifungua. Juzi mama mmoja tulikutana kisimani, hakunitazama hata usoni, anajaza ndoo yake tu huku ananiambia kuna pikipiki zimefichwa vichakani nyuma ya shule. Usiku tulizikuta mbili. Kwenye daftari tumeandika saa, mahali na namba za pikipiki, basi.