Ngazi ya vina kwenye karatasi mbichi

Kazi yangu ya kwanza ya kuoanisha shairi na picha ya rangi za maji ilikuwa aibu. Nilitunga shairi fupi lenye jahazi, jua na minazi, kisha nikachora jahazi, jua na minazi. Shangazi akalisoma, akaitazama picha, akalisoma tena. "Sasa mwanangu, shairi la nini na picha umeshachora?" Sikuwa na jibu.

Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuchezea thanbauk, umbo la jadi la ushairi wa Kiburma, lugha ya Myanmar (zamani Burma). Lina mishororo mitatu, kila mmoja una mizani (silabi) nne, basi. Kina chake hakitulii mwishoni kama kwenye tarbia zetu. Katika mshororo wa kwanza kinakaa kwenye mizani ya nne, wa pili kwenye ya tatu, wa tatu kwenye ya pili. Kwa jadi yake ni umbo la maneno makali na utani, kwa hiyo usiliendee umenuna.

Ugumu utauona mara moja. Maneno mengi ya asili ya Kiburma yana silabi moja, kwa hiyo mizani nne zinaweza kubeba maneno manne kamili. Kwetu "nimekuona" peke yake ni mizani tano, umeshapitiliza! Achana na vitenzi virefu, rudi kwenye mkato wa malenga wetu: laja, lenda, yuko. Jambo jingine ni kina chenyewe. Waburma hulinganisha irabu, mwisho wa silabi na toni. Konsonanti ya mwanzo si lazima ifanane. Mimi nimebaki na kina cha Kiswahili, silabi nzima, kwa sababu sikio la msomaji wetu halitasamehe. Hili hapa nililotunga baada ya kuchana karatasi nyingi:

Rangi changa
ni mwanga tu:
tanga laja.

Ifuate "nga" kwa kidole. Inaanzia kulia kabisa, inashuka hatua moja kushoto, kisha nyingine. Siku nilipoiona ngazi hiyo ndipo nilipojua nichore nini. Nililowanisha karatasi yote, nikagusa rangi ya chungwa juu kulia, nikaiacha isambae yenyewe. Katikati sikuweka kitu. Kwenye rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, na ukishaufunika huurudishi kirahisi. Chini kushoto nilisubiri hadi mng'aro wa maji uanze kufifia, nikalaza brashi mara moja yenye buluu ya kijivu. Lile ndilo tanga. Ukilitazama bila shairi ni doa tu. Shangazi safari hii alisoma kwanza, halafu akaanza kulitafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo: usichore maneno ya shairi, chora njia ya kina chake. Na shairi litangulie. Litamke kwa sauti mara kadhaa kabla ya kugusa maji, maana karatasi ikishalowa huna muda wa kuhesabu mizani. Tumia karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi hujikunja na rangi hukusanyika mabondeni. Ikate vipande vya ukubwa wa kadi ya posta. Mizani 12 kwenye karatasi kubwa kama mkeka zinapotea.

Ukizoea, jaribu yadu. Hiyo ni ndefu zaidi, hadi beti tatu, nayo vina vyake vinapanda ngazi, huku mshororo wa mwisho ukirefuka. Jina lake linahusu majira, na kawaida hubeba hamu ya mtu aliye mbali na ampendaye wakati hali ya hewa inabadilika. Natshinnaung, mwanamfalme wa Toungoo huko Burma aliyefariki 1613, anakumbukwa kwa yadu za mapenzi. Mimi huchora picha tatu za mahali pamoja, moja kwa kila ubeti: joto, mvua, baridi. Mtu wa pwani hatajiona mgeni sana hapo. Upepo tunaouita kusi ni sehemu ya mfumo uleule wa pepo unaovuka bahari na kumwaga mvua Myanmar. Hata padauk, ua la njano linalochanua huko baada ya mvua za Aprili, ni la jamii moja na mninga wetu.

Ila usimwambie mtu kwamba kuoanisha hivi ni mila ya kale ya Burma. Uchoraji wa rangi za maji wa mtindo huu ulienea huko zama za Waingereza, na Ba Nyan (1897–1945), mmoja wa waliouvumisha, alikwenda kusoma London. Chini ya kazi zangu naandika "kwa mtindo wa thanbauk", inatosha.

Mwisho, wino. Kabla ya kuandika shairi juu ya picha, weka mgongo wa kiganja kwenye karatasi. Ukihisi ubaridi, bado ni mbichi hata kama macho yanasema imekauka, na kwa unyevu wa pwani ngoja zaidi ya unavyodhani. Mimi sikungoja. Wino ukatambaa, herufi ya mwisho ya "tanga" ikavimba na kuwa o. Tango laja. Kina kimevunjika, lakini hiyo ndiyo shangazi aliyoiomba, imebandikwa kwenye friji yake.