Maneno ya kuimbwa: maswali yenu kuhusu waandishi wa opera

Nafundisha kwaya Kakamega, tunataka kutunga mchezo wa kuimba. Tuanze na maneno au muziki?

Maneno. Ubishi huu ni wa kale: mwaka 1786 mtunzi Salieri alitunga opera (mchezo wa kuimba) fupi ya kuchekesha, maneno yakiwa ya mshairi Casti, kuhusu mshairi na mtunzi wanaozozania jambo hilihili. Richard Rodgers, mtunzi wa Marekani, alijaribu njia zote mbili na waandishi wake wawili wa maneno. Akiwa na Lorenz Hart, muziki kwa kawaida ulitangulia. Akiwa na Oscar Hammerstein, mara nyingi maneno. Lakini hao walikuwa mafundi. Kwaya ikianza bila hadithi hupata nyimbo tamu zisizojuana.

Niko Ahero. Libreto yangu (maneno ya opera) ya Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, ina kurasa 40, na mtunzi analalamika kwamba ni ndefu. Ana haki?

Anayo. Mstari unaosemwa kwa pumzi moja, ukiimbwa na kurudiwa, hula dakika nzima. Mwandishi Da Ponte alipomwandalia mtunzi Mozart maneno ya opera *Figaro* kutoka tamthilia ya Beaumarchais, alitupa tendo zima na kupunguza wahusika 16 hadi 11.

Vita vya Kano viondoe jukwaani, kwaya ituletee habari zake. Anzia pale shujaa yu mgonjwa, mwili wake wa jiwe haupenyi wembe, naye anamwambia mkewe achanje kivuli. Damu inatoka! Mke, binti wa maadui, ameshaijua siri: uhai wa mumewe umo kivulini. Mume anashukuru kwa kutibiwa. Waimbe pamoja, kila mmoja na lake moyoni. Katika mchezo wa kusemwa, wawili wakiongea kwa mpigo ni kelele tu. Mpe mke mistari minne, si hotuba.

Ukiandika kwa Dholuo, kaa na mtunzi bega kwa bega. Toni hubeba maana, na muziki ukipanda pale neno linaposhuka, watu wa Ahero watasikia jambo lingine.

Nakuru: mmoja wetu ameandika mazungumzo, mwingine mashairi ya nyimbo. Nani mwandishi?

Wote, na kila jina liandikwe kwenye bango. *West Side Story* (1957) ina Arthur Laurents kwa hadithi, Stephen Sondheim kwa mashairi, Leonard Bernstein kwa muziki. Andikeni mkataba kabla ya mazoezi kuanza, hata kama ni marafiki. Hasa kama ni marafiki. Nchini Kenya hakimiliki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufa, kwa hiyo mtakaowaachia ugomvi ni wajukuu.

Lazima nijue solfa, yaani kusoma muziki kwa do-re-mi?

Hapana. Lakini hudhuria mazoezi, na mstari unaomkata mwimbaji pumzi ufute.