Mbao za kuzungushia dirisha jipya kwa ndani: malizana na maji kwanza

Mkuu uliyeuliza kuhusu nyumba ya Nyegezi: umeng'oa madirisha ya mbao, umeweka ya alumini ya kusukuma, sasa kwa ndani plasta imemeguka pande zote na mafundi wawili wanakuvuta. Mmoja anataka apige plasta mpaka kwenye alumini amalize, mwingine anataka azungushie mbao. Mimi ni seremala hapa hapa Mwanza, kwa hiyo unajua naegemea wapi, lakini kwanza nimtetee huyo wa plasta.

Pengo kati ya alumini na ukuta si kazi ya mbao. Mbao inaficha tu. Palipomeguka sana pajazwe plasta ya saruji, na upenyo mwembamba ujazwe povu la kopo, likikauka likatwe kwa kisu. Ila kabla ya saruji, alumini ibandikwe tepu ya karatasi. Saruji mbichi inaila alumini na kuacha mabaka ambayo hata usugue vipi hayatoki. Ikidondokea, ifutwe hapo hapo kwa kitambaa chenye maji.

Halafu toka nje. Chini ya reli ya dirisha la kusukuma kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Mara nyingi navikuta vimezibwa silikoni na fundi aliyedhani anasaidia. Sasa mvua ya huku ikija na upepo wa ziwani haidondoki wima, inapiga kioo usoni. Reli inajaa, na maji yakikosa pa kutokea nje yanaingia ndani, yananywewa na ukuta nyuma ya mbao zako. Mwaga kikombe cha maji kwenye reli, simama nje uone yanatokea wapi. Angalia pia sehemu ya chini ya dirisha kwa nje: iinamie nje, maji yasilale.

Hayo yakishakaa sawa ndipo tuongee mbao. Kama utapiga vanishi, mninga au mkongo, na mfuko ujiandae. Kama utapaka rangi, paina inatosha kabisa, usimwage hela. Cha kuangalia ni unyevu. Mbao nyingi za dukani bado hazijakauka vizuri, kwa hiyo zilaze ndani ya nyumba hiyo hiyo, uweke vijiti katikati hewa ipite, wiki mbili tatu. Na plasta nayo ipe muda ikauke.

Hili la unyevu ndilo linaloharibu kona. Ubao hauchezi kwa urefu, unacheza kwa upana. Ukiona kona ya nyuzi 45, yaani mbao mbili zilizokatwa mshazari zikakutana, imeachia upande wa ndani, karibu na kioo, ujue ubao ulifungwa mbichi, umekaukia ukutani. Ikiachia kwenye ncha ya nje, umenyonya unyevu ukavimba, na hiyo ndiyo hadithi ya mbao zilizofungwa Julai kukiwa kukavu kisha mvua za Novemba zikazikuta. Ndiyo maana mimi kwa nyumba za kandokando ya ziwa sipendi kona za nyuzi 45. Nalaza ubao wa juu ukikalia mbao mbili za pembeni, nauzidisha nusu inchi kila upande, na ukiwa mnene kidogo kuliko za pembeni ndiyo unapendeza zaidi. Ubao ukicheza hapo, hakuna atakayeona.

Kufunga: tumia skrubu na plagi, kile kiplastiki kinachoingizwa kwenye tundu la ukuta kuishika skrubu. Msumari wa zege utapasua plasta mpya mbele ya macho yako. Fuata pimamaji, usifuate ukuta. Plasta ikiwa na tumbo, lichonge lile tumbo, usiupinde ubao uifuate. Acha nafasi ndogo, kama milimita 3, kati ya mbao na alumini, uizibe kwa silikoni. Upande wa ukutani tumia akriliki, ya kuzibia inayopakika rangi, kwa sababu silikoni haishiki rangi.

Mgongo wa ubao na sehemu zote zilizokatwa zipakwe dawa ya mchwa kisha praima kabla ya kufunga. Wazee watakwambia oili chafu. Kwenye kenchi za paa sawa, lakini kwenye ubao wa kupaka rangi itachuruzika na kutoa madoa ya kahawia, hata upake mikono mingapi.

Hujasema grili iko ndani au nje. Kama ni ya ndani na miguu yake imechimbiwa pale pale plasta ilipomeguka, ubao mpana hautapita, itabidi ukatwe kuizunguka au grili itolewe kwanza. Weka picha ya dirisha moja lenye grili kabla hujanunua mbao, nikwambie upana.