Mamluki mwache kwao

Marahaba, walimu wapya wadogo zangu, mlioripoti juzi mkakabidhiwa filimbi ya michezo kabla ya chaki. Msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, umefika, na jana nimemwona mmoja wenu akinong'ona nyuma ya choo cha walimu na kijana mwenye ndevu. Nikajiona mimi.

1. Kipindi cha Sanaa na Michezo si cha kufyeka majani wala cha kumkopesha mwalimu wa Hisabati. Kwa mtaala huu ulioanza 2024 ni somo, lina andalio lake.

2. Mipira ijazwe upepo siku moja kabla. Pampu ya kuazima hupotea asubuhi ya mechi.

3. Mamluki, yaani mchezaji wa kuazima asiye mwanafunzi wa shule yenu. Hapa nina maneno.

Mwaka wangu wa pili kazini, shule yetu ilikuwa haijawahi kutamba wilayani. Palikuwa na kijana kidato cha kwanza, shule ya jirani, mguu wa kushoto kama manati. Nikamtafutia kaptula, nikambandika jina na namba ya uandikishaji ya mtoto wa darasa la sita, winga wetu halali. Yule mtoto nikamwambia, "Wewe bado mdogo, mwakani." Akaitikia, "Sawa mwalimu," kisha akaenda kumkaririsha mwenzake jina la baba yake na la kitongoji chao. Hakuna aliyemtuma.

Siku ya uhakiki afisa hakuhoji sana. Alimpa karatasi: andika majina yako matatu. Kijana akaandika ya kwake, mwandiko safi, na juu kulia, kwa mazoea, "Kidato cha I B". Timu nzima ikaondolewa. Tulirudi juu ya lori la mahindi, na wale watoto walioanza safari kwa nyimbo hawakukohoa hata mmoja. Winga alikuja kutupokea barabarani, mpira kwapani, akauliza tumeshinda ngapi.

Mwakani ikafika. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye ripoti ya udanganyifu, hakuna aliyetaka kulipokea. Alimaliza la saba bila kuvaa jezi ya wilaya. Siku hizi anaendesha bodaboda, na nikipanda hataki nauli yangu. Heri angenitukana.

Msiniambie kila shule inafanya. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walinyang'anywa safari ya fainali za Afrika kule Gambia kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Siku hizi wachezaji wa timu hizo za taifa wanapimwa kifundo cha mkono kwa MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha umri wa mfupa, na mfupa haukaririshwi jina la baba wa mtu. Halafu sekondari sasa michezo imo kwenye mkondo wa amali, ule wa mafunzo ya ufundi, mtoto anaisomea kama mwenzake anavyosomea useremala. Jina lake ukilichafua akiwa darasa la sita, umemfungia mlango ambao winga wangu hata hakuwahi kuuona.

4. Timu ya netiboli haisafiri bila mwalimu wa kike. Mkuu akisema bajeti haitoshi, baki wewe.

5. Mkimbiaji aliyezoea peku msimpe raba mpya asubuhi ya mashindano. Nimeshabeba mgongoni bingwa wa mita 1500 mwenye malengelenge, na alikuwa mzito.

Na wewe wa nyuma ya choo: yule kijana nimeshaongea naye. Atakuja Jumatano kutusaidia kuchora mistari ya uwanja. Jivu liko jikoni, ndoo uje nayo wewe.